Kubana Faili Si Kuua Sauti

Nyuma ya duka moja la vifaa vya umeme hapa Kondele, Kisumu, kuna chumba chenye katoni saba za kaseti. Tumezihesabu zikawa 400, ukiacha zile ambazo utepe wake umekatika. Humo mna benga iliyorekodiwa kutoka redioni, mna wapiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, waliorekodiwa matangani kule Siaya na Seme, mna mahubiri na harusi, na mna kaseti moja ya bibi mzee akimtegea mjukuu wake vitendawili kwa Dholuo huku kuku wakimkatiza. Mwenye kaseti, jaduong' (mzee) mmoja aliyestaafu kazi ya reli, anataka zihamishiwe kwenye kompyuta kabla hajafa. Hayo ni maneno yake mwenyewe. Tuko watano tuliojitolea. Redio kaseti tunayo, kompyuta tunayo, waya tunao. Kinachotukwamisha tangu Januari ni swali ambalo mpita njia angeliona dogo: tuzihifadhi kwa faili za aina gani?

Dada mmoja kati yetu amesomea ukutubi na kazi yake ni nyaraka. Msimamo wake haupindi: sauti ihifadhiwe ghafi, sampuli (vipimo vya sauti) 96,000 kwa sekunde, biti 24, yaani tarakimu 24 za sifuri au moja, kwa kila sampuli, isibanwe kwa namna yoyote inayotupa kitu. MP3, faili ya sauti iliyobanwa kwa kutupa kitu, kwake ni wizi wa mchana. Wala hajalitoa hilo hewani. IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, kinashauri kaseti na santuri za zamani zisirekodiwe chini ya sampuli 48,000 na biti 24, na hifadhi nyingi kubwa hupanda hadi 96,000. Upande wa pili niko mimi na kijana wa saiba. Sisi tunasema tubane, tugawe nakala, tusonge mbele. Na kwa kuwa sisi ndio huonekana kila mara kama watu wavivu wasiothamini urithi, nitatupa nafasi kubwa zaidi. Upande wa dada nitaufikia, maana kuna mahali ananishinda.

Nianze na hesabu iliyoninyima usingizi. Wimbo hauingii kwenye kompyuta kama wimbo. Kadi ya sauti hupima kimo cha wimbi la sauti mara maelfu kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kama namba. CD, ambayo ilitoka mapema miaka ya 1980, hupima mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo biti 16, kwa spika ya kushoto na ya kulia. Ukizidisha unapata biti 1,411,200 kila sekunde, sawa na megabaiti 10.6 kwa dakika. Kwa kiwango anachotaka dada, dakika moja inakula megabaiti 34.6, na kaseti moja ya saa nzima gigabaiti 2 na ushei. Kaseti 400 ni gigabaiti 829. Sasa chukua MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, ile tuliyokulia nayo kwenye memori kadi. Kaseti ileile ya saa nzima inakuwa megabaiti 58, na zote 400 zinafika gigabaiti 23. Zinaingia kwenye flashi ya 32 na nafasi ya picha za harusi inabaki.

829 kwa 23. Na hifadhi yenye nakala moja haiwezi kuitwa hifadhi, kwa hiyo ile 829 izidishe kwa mbili au tatu kabla hujaenda kuuliza bei ya diski.

Lakini ukubwa wenyewe sio ulioniudhi. Kilichoniudhi ni kilichomo ndani ya hizo gigabaiti. Kila biti unayoongeza kwenye kipimo cha sauti inakupa nafasi ya takriban desibeli 6 kati ya sauti ya chini kabisa na ya juu kabisa unayoweza kuandika. Biti 24 ni desibeli 144. Kaseti ya kawaida, isiyo na mfumo wa kupunguza mvumo, ina desibeli 50 na kitu. Tuseme 54, tuipendelee. Gawa kwa 6: biti 9. Yaani kila kilichoimbwa, kilichosemwa na kila mlio wa kuku kwenye utepe ule kinatosha ndani ya biti 9. Biti 15 zilizobaki zinapima nini? Zinapima ule mvumo, ile shhh unayoisikia kabla mtu hajaanza kuongea. Zinaupima kwa makini ya sonara, sampuli 96,000 kila sekunde, kushoto na kulia. Kumi na tano kwa ishirini na nne ya gigabaiti 829 ni gigabaiti 518. Gigabaiti 518 za shhh! Nimeirudia hesabu hii mara nyingi hata mke wangu ameijua.

Na kuna balaa jingine juu ya hilo. Mvumo haubaniki. Mwaka 1948 Mmarekani Claude Shannon alionyesha kwa hesabu kwamba habari hupimwa kwa kiasi cha mshangao. Kinachotabirika kinaweza kuandikwa kwa biti chache, na kisichotabirika kinadai biti zake zote. Gitaa la benga linatabirika, linarudi palepale likizunguka. Mvumo wa utepe hautabiriki hata kidogo, kila sampuli ni bahati nasibu mpya. Ndiyo maana hata FLAC, ile programu ya mwaka 2001 inayobana bila kupoteza biti moja, inapunguza CD safi hadi karibu nusu lakini inagota ikipewa kaseti iliyorekodiwa kwa biti 24. Sehemu kubwa ya faili inayobaki ni kelele zilizofungwa vizuri.

Dada alinijibu, na haki yake nitampa. Alisema sikio la mtu husikia ala hata ikiwa imezama kidogo chini ya mvumo, kwa hiyo mstari wangu wa biti 9 ni wa mkato mno. Akasema tena kwamba kelele za utepe zina kazi. Umeme wetu wa Kenya una mtetemo wa hezi 50, na mngurumo wake mara nyingi huingia kwenye rekodi. Fundi akiukuta umekuwa 52 anajua redio inayocheza inakimbia, anairekebisha, na sauti ya mwimbaji inarudi kwenye umri wake. Nilinyamaza. Halafu nikamkumbusha kwamba matangani Seme miaka ile redio zilikuwa za betri.

Neno kubana limebeba mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya, na hapo ndipo sifa mbaya inapoanzia. Kuna kubana bila kupoteza. Chukua methali hii, ambayo kila mtoto wa shule anaijua: haraka haraka haina baraka. Ina herufi na nafasi 26. Kompyuta ikiiandika kwa njia ya kawaida, biti 8 kwa kila herufi, inatumia biti 208. Sasa hesabu: herufi a imo mara 11. Herufi h, r, k na nafasi tupu zimo mara tatu tatu. Herufi i, n na b zimo mara moja moja. Ni alama nane tu. Mwaka 1952 David Huffman, aliyekuwa bado mwanafunzi, alitoa utaratibu wa kuipa alama inayotokea sana msimbo mfupi na ile adimu msimbo mrefu. Kwa utaratibu wake, a hapa inapata biti moja pekee, r na wenzake wanapata tatu au nne, na zile zilizotokea mara moja zinapata nne au tano. Jumla biti 67, pungufu ya theluthi ya mwanzo, na ukiifungua inarudi vilevile bila hata nukta kupotea. Utahitaji pia jedwali la misimbo, kweli, lakini kwenye kitabu kizima jedwali hilo ni tone.

Kwa njia, msimbo wa Morse uliipa herufi e nukta moja kwa sababu Kiingereza kinaitumia kuliko zote. Mswahili akipiga Morse analipa nukta na kistari kwa kila a, na sisi a tunaimwaga kama chumvi. Kila kubana ni dhana kuhusu lugha ya mtu fulani.

Aina ya pili ni kubana kwa kupoteza, na hii ndiyo inayotukanwa. MP3, JPEG, sauti za WhatsApp, video zote unazotazama. Humu kuna kitu kinatupwa kweli, na hakirudi. Ila si kitu chochote. Simama steji ya Kondele saa kumi na mbili jioni. Manamba anapiga ubavu wa matatu kwa kiganja, pa pa pa, na mwanamke aliye hatua mbili kutoka kwako anaangusha sarafu. Sarafu imelia. Hewa imetikisika, sikio lako limeguswa, na wewe hukusikia. Mhandisi aliyeandika utaratibu wa MP3 anauliza: kuna haja gani ya kuiandika sarafu hiyo? Faili inaandika pa pa pa kwa uangalifu, na sarafu inaandikwa kwa ukali mdogo au inaachwa kabisa. Kinachopungua kinatoka mahali ambapo sikio lilikuwa limefunikwa tayari. Ndivyo biti 1,411,200 zinavyoshuka hadi 128,000, moja kwa kumi na moja, na mtu anaendelea kucheza ngoma.

Chini ya yote hayo kuna hisabati moja inayonipendeza kwa historia yake. Nasir Ahmed, mzaliwa wa Bangalore, India, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, aliomba pesa za utafiti mwaka 1972 ili achunguze njia ya kugeuza safu ya namba kuwa jumla ya mawimbi, mapole na makali. Wakamnyima, mmoja wa wakaguzi akiona wazo ni jepesi mno. Alilifanya hata hivyo, akalichapisha pamoja na T. Natarajan na K. R. Rao mwaka 1974. JPEG, iliyokubaliwa kama kiwango mwaka 1992, huikata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kukipitisha kila kipande kwenye hesabu hiyo. Mawimbi mapole, yaani uso na shati na anga, yanahifadhiwa vizuri. Makali, ule unyoya mmoja mmoja ambao jicho haliutambui, yanapunguzwa. MP3 inatumia binamu ya hesabu hiyohiyo. Wazo lililoitwa jepesi ndilo linalobeba kila picha ya mtoto inayotoka Luanda, Vihiga, kwenda kwa shangazi aliye ughaibuni.

Wenzetu wa "hifadhi kama ilivyo" wana dhana nyingine isiyosemwa, kwamba kompyuta inayo namna ya kuhifadhi kitu kama kilivyo. Haina. Kipaza sauti cha redio ile kilishaacha besi zote za chini. Utepe uliacha milio mingi ya juu. Kadi ya sauti, hata kwa sampuli 96,000, inachukua vipimo na kuacha yaliyo katikati, na nadharia inasema hilo halidhuru mradi upime zaidi ya mara mbili ya mtetemo wa juu unaoutaka. Kamera ya simu nayo huchukua rangi moja tu kwenye kila pikseli, nyekundu au kijani au buluu, na mbili zilizobaki inazikisia kutoka kwa majirani. Kufikia wakati faili inaitwa ghafi, watu kadhaa wameshaamua nini kisiingie.

Hata maandishi matupu yana maamuzi hayo, na mimi nimeyalipia kwa pesa taslimu. Miaka michache iliyopita nilipewa kazi ya kutuma ujumbe mfupi wa mwaliko wa harambee kule Nyang'ori, watu 200, kupitia kampuni ya kutuma SMS kwa wingi. Ujumbe ulikuwa na herufi 150. SMS moja ina nafasi ya baiti 140. Kwa alfabeti ya simu, ambapo kila herufi ni biti 7, hizo ni herufi 160. Nikapiga hesabu ya ujumbe 200. Nikakatwa ujumbe 600. Nilidhani ni wizi, nikapiga simu kwa hasira, kijana aliyepokea akaniuliza kwa upole: "Mzee, hicho kialama cha mkato kwenye Nyang'ori umekiandikia wapi?" Nilikuwa nimekiandika kwenye kompyuta, na programu ya kuandikia ilikuwa imeugeuza ule mkato ulionyooka wa ng' kuwa mkato uliopinda, wa kurembesha. Mkato ulionyooka umo kwenye alfabeti ya simu. Uliopinda haumo. Alama moja ya kigeni ikiingia, ujumbe mzima unaandikwa upya kwa biti 16 kwa kila herufi, na nafasi inashuka hadi 70. Ujumbe ukivuka hapo unakatwa vipande vya 67, kwa sababu kila kipande kinabeba anwani ya kuungana na wenzake. Herufi 150 zikawa vipande vitatu. Ng'iya, Lwang'ni, Nyang'oma, jaduong': ukanda huu wote wa ziwa unaishi na mkato huo, na aliyepanga ile alfabeti hakuwa na ng'ombe. Ndugu zetu wa Nakuru wanaoandika Gĩkũyũ wako pabaya zaidi, kwani ĩ na ũ zao hazimo kabisa, wengi wamezoea kuandika i na u za kawaida na kumwachia msomaji akisie. Hiyo nayo ni kubana kwa kupoteza. Hakuna anayeiita wizi.

Sasa upande wa dada. Hoja yake kubwa ni fupi, na siwezi kuizunguka: kilichotupwa hakirudi. Mimi nikitengeneza WAV, ile faili ghafi isiyobanwa, kesho naweza kutoa MP3. Nikitengeneza MP3, WAV ya kweli haitoki humo hata kwa maombi. Na anayeamua leo kwamba kitu fulani hakisikiki anaamua kwa masikio ya leo, kwa spika za leo. Pengine baada ya miaka 30 kutakuwa na programu ya kuitoa sauti ya nyatiti chini ya kelele za waombolezaji, na itahitaji zilezile chembe ambazo mimi nimezifagia.

Alinionyesha kwa vitendo. Mpiga nyatiti anavaa pete ya chuma, oduong'o, kwenye kidole gumba cha mguu, na anaigonga kwenye mbao ya ala huku njuga za gara zikilia kifundoni. Kila kugonga ni mlio mkali wa ghafla kutoka kimyani. MP3 huichakata sauti kwa mafungu ya sampuli 1,152, kama sehemu 26 za elfu za sekunde, na makosa yake huyasambaza ndani ya fungu. Kwenye gitaa hujui. Kwenye oduong'o, makosa yanatangulia mbele ya pigo, unasikia ukungu mdogo wa sauti kabla chuma hakijagusa mbao, kama kivuli kinachomtangulia mtu mlangoni. Alinivalisha vipokea sauti akaniwekea faili ya kilobiti 64, nikakisikia kile kivuli mara ya kwanza tu. Ya 128 nilibahatisha, nikapata na kukosa. Ya 192 nilishindwa kabisa, naye pia alishindwa, ingawa hilo alilisema kwa sauti ya chini. Opus, mfumo wa mwaka 2012 ambao WhatsApp inautumia kwa sauti, unaweza kukata mafungu mafupi zaidi na hauaibiki sana mbele ya nyatiti. Lakini pointi yake ilisimama. Kanuni za kutupa zina upofu wake, na upofu huo unaweza kuangukia hasa kitu ulichokuja kukihifadhi.

Hoja yake ya pili ni ya kutisha zaidi. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel aliskani ramani ya nyumba kwa mashine ya Xerox. Vyumba vitatu vilikuwa na maeneo matatu tofauti: mita za mraba 14.13, 17.42 na 21.11. Kwenye nakala vyote vilisomeka 14.13. Hapakuwa na ukungu wala doa, tarakimu zilikuwa safi kama zimechapwa upya. Mashine ilikuwa ikitumia njia ya kubana iitwayo JBIG2, ambayo hutafuta maumbo yanayofanana kwenye ukurasa, huhifadhi moja na kulirudia palipo na mengine. Ikiwa 6 na 8 zimefanana vya kutosha machoni pake, moja inachukua nafasi ya mwenzake. Kampuni ililazimika kutoa marekebisho ya programu. Dada akiisimulia hii huwa ananiuliza nifikirie Agosti 2022, tulipokesha hapa Kisumu tukipakua fomu 34A, zile za matokeo ya urais ya kila kituo, kutoka kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi, vituo zaidi ya 46,000, kila mtu na kikokotoo chake. Fomu zile zilikuwa picha. Thamani yake yote ilikuwa kwenye umbo la tarakimu chache za kalamu. Ungetaka zibanwe kwa njia gani?

Jibu langu ni kwamba ningetaka hata JPEG kuliko JBIG2 ya namna ile, na hapo ndipo naona mjadala wetu mkubwa unapokosewa. JPEG ikikosea hukosea kama mzee ambaye macho yamechoka: kingo zinatiwa ukungu, unaona vijiraba, unajua kuna tatizo, unaomba karatasi yenyewe. JBIG2 ilikosea kama shahidi mwongo, kwa sauti kavu na uso mtulivu. Zote mbili zinapoteza. Moja inaungama, nyingine haiungami. Na siku hizi kuna simu zinazosafisha picha za zamani kwa kubuni. Nimeona picha ya marehemu iliyorembeshwa kwa ajili ya kijitabu cha mazishi, na akaongezewa meno. Hao ndio wa kuogopwa. MP3 ya 128 haijawahi kumwongezea mtu neno ambalo hakulisema.

Kuna kosa moja la kweli ambalo watu wa upande wangu hulifanya kila siku, nalo ni kubana kilichokwisha kubanwa. Picha inatoka kwenye simu ikiwa JPEG, inapunguzwa na WhatsApp, inapigwa picha ya skrini, inatumwa kundi la kanisa, inapunguzwa tena, na inapofika kwa mchapishaji wa bango la mazishi nyuso zimekuwa uji. Kila hatua inatupa kidogo kutoka kwa kilichobaki. Hii haihitaji WAV wala maelfu ya gigabaiti. Inahitaji mtu mmoja kwenye familia anayetunza faili ya kwanza na kutuma hiyo, si nakala ya nakala.

Ninachomlaumu dada, na nimemwambia mbele ya wengine, ni kwamba hesabu yake ina safu moja tu, ya ubora. Haina safu ya muda. Tangu Januari tumerekodi kaseti 19. Kwa kiwango chake diski tuliyo nayo ilijaa, barua ya kuomba nyingine iko kwenye meza ya mtu, na kaseti 381 zimekaa kwenye katoni zikipumua hewa ya ziwa. Kisumu si mahali pa kuweka utepe. Joto na unyevu vinaupenda. Ukungu unaota, gundi inalegea, tabaka linalobeba sauti linabanduka likiwa vumbi la kahawia kwenye kichwa cha redio. Huo nao ni upotevu, na hauchagui sauti ambazo sikio halizisikii. Unachukua bibi, kitendawili na kuku kwa pamoja.

Halafu kuna swali la nani atasikiliza. Kaseti ya bibi niliibana kwa Opus usiku mmoja, kilobiti 64, megabaiti 29 kwa saa nzima. Jaduong' aliipeleka mwenyewe kwa yule mjukuu, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye bodaboda Ahero, kwenye memori kadi ndani ya bahasha. Siku tatu baadaye ilikuwa kwenye simu za dada zake wawili, mmoja Busia na mwingine Mumias, kwa bando za kawaida. Nakala nne, miji minne, paa nne tofauti. Faili ya gigabaiti 2 ingebaki Kondele ikingoja mtu mwenye kompyuta. Dada anasema hizo si hifadhi, ni matumizi. Sijui ni lini tulitenganisha hayo mawili, kwa sababu nyimbo zote za nyatiti zilizofika mpaka kwenye kaseti hizi zilifika kwa kutumiwa.

Jumamosi iliyopita tulifungua katoni ya saba, ile iliyokuwa chini, karibu na ukuta unaovuja. Kaseti 11 zilikuwa na ukungu mweupe pembeni mwa utepe. Dada alizitoa moja moja akazipanga juu ya gazeti, akavaa barakoa, akachukua pamba. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, MP3 zangu ningeziweka kilobiti ngapi.

Nikamwambia 192. Kaseti zote 400 kwa kiwango hicho ni gigabaiti 34 na nusu, kwa hiyo flashi ya 32 haitatosha tena.